Siku Kumi na Nne za Mashine ya Mzee Sherali

"Kwa Mheshimiwa Sherali, Mwanatimu Mtukufu wa Mashine za Mvita. Sisi, Baraza Kuu la Sayansi za Dunia, Idara ya Kompyuta za Majumbani, baada ya vikao virefu na mashauriano mazito, tumeiteua mashine yako, miongoni mwa mashine zote za Afrika, kulimaliza fumbo la mwisho la ugonjwa wa sukari. Mashine hiyo isizimwe kwa siku kumi na nne mfululizo. Isimamiwe na mtu aliyeoga na kunyoa ndevu. Kila asubuhi iamkiwe kwa adabu. Wanadamu wote wanangoja."

Barua hii tukufu iliandikwa juu ya gunia la maharage, ndani ya stoo ya chakula ya shule moja ya bweni huko bara, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa akitumikia adhabu ya kuivisha kengele ya shule soksi siku ya mtihani. Jina lake Salem. Sahihi aliyoitia chini ilikuwa ya Profesa Odera, ambaye kwa hakika alikuwa mpishi wa shule, na uprofesa wake wote ulikuwa katika kuunguza ugali. Muhuri nao ulitoka kwenye droo ya mtunza stoo. Salem aliugonga kwa wino wa zambarau, kisha akauzungusha kidogo kabla ya kuunyanyua, herufi zikavurugika vizuri, zikaonekana za kizungu.

Baraza hilo halikuwapo popote duniani. Timu ilikuwapo.

Salem alikuwa ameiunda likizo ya Disemba, pale nyumbani kwao, mtaa wa Ndia Kuu. Aliyasoma mambo hayo katika chama cha kompyuta shuleni: kwamba kuna wanasayansi wenye hesabu kubwa mno, ambazo mashine zao peke yao zingezifanya kwa karne, basi huzikata vipande vidogo vidogo na kuvigawa kwa njia ya mtandao kwa yeyote mwenye kompyuta isiyo na shughuli. Kompyuta yako hupokea kipande, hukitafuna saa kadhaa, hurudisha jibu, hupewa kipande kingine. Hulipwi kitu. Unapata pointi, na pointi za watu wa timu moja hujumlishwa, na timu hupangwa kwenye jedwali ambalo ulimwengu mzima unaweza kulitazama. Mradi waliouchagua ulihusu protini na ugonjwa wa sukari.

Mashine za Mvita ilikuwa na watu watatu. Salem mwenyewe, kepteni, mwenye kompyuta ya mapajani iliyopasuka kioo. Owais, rafiki yake, aliyeitia kazini kompyuta ya duka la vitambaa la babake. Na mzee Sherali, fundi saa mstaafu, jirani wa nyumba ya pili, mwenye mashine ambayo ukiiona unavua viatu. Mwanawe aliitumia kukatia video za harusi kabla hajahamia ughaibuni, akaiacha juu ya meza ya orofa ya kwanza imefunikwa kitambaa kama maiti.

Mzee alipoelezwa habari ya timu aliuliza swali moja tu, kama ni kweli kazi yenyewe ni ya sukari. Mkewe Kulsumbai alikuwa na sukari mwaka wa kumi na nane, na kila asubuhi alijidunga sindano ya insulini ubavuni. Salem akaapa kuwa ni kweli, na hapo hakusema uongo. Mzee akakifunua kile kitambaa cha mashine siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa swichi. Mzee Sherali aliwasha mashine saa tatu asubuhi na kuizima saa tano kamili, kila siku, kama mtu anayefunga duka. Mashine yenye nguvu kuliko zote mtaani ilifanya kazi saa mbili tu, na Mashine za Mvita ikabaki mkiani, nafasi kumi na saba chini ya timu ya vijana wa Kizingo, wenye majumba ya bustani na vyumba vya baridi. Wale wa Kizingo waliandika kwenye ukurasa wa jedwali kwamba inasemekana mashine za Mvita huendeshwa kwa mafuta ya taa. Salem aliyasoma maneno hayo akiwa shuleni, akayabeba mpaka stoo ya chakula, akakaa nayo juu ya gunia. Barua ikazaliwa.

Likizo ya Aprili ilipofika aliipeleka kwa mikono miwili, akisema imeletwa kwake kwa kuwa yeye ndiye kepteni. Mzee Sherali aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi. Halafu akaitazama mashine, kisha mlango wa jikoni, kisha mashine.

"Siku kumi na nne," alisema.

"Mfululizo, babu," Salem alisema kwa uso wa khatibu.

Kulsumbai alitoka jikoni na chai ya maziwa, akataka kusomewa naye. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa wa ulimi. Alisikiliza mpaka kwenye kuamkiwa kwa adabu, akaweka trei chini. "Kwa hivyo nimeletewa mke mwenza," alisema. "Miaka arobaini na sita sijaamkiwa mimi kwa adabu, leo linaamkiwa sanduku." Akampa Salem vitafunio vya gathia kwenye karatasi, akamwambia amshukuru huyo profesa wake.

Asubuhi iliyofuata Salem na Owais walipanda ngazi wakijifanya wamekuja kukagua. Mzee alikuwa ameoga na kunyoa. Shati jeupe limepigwa pasi, kofia kichwani. Alisimama mbele ya mashine, akakohoa, akasema, "Sabalkheri." Mashine ikavuma. Owais ilimbidi aume ukosi wa shati lake, na waliposhuka walikaa kwenye ngazi za nje wakicheka mpaka machozi, na mpita njia akawauliza wamefiwa na nani.

Siku ya tatu timu ilikuwa imepanda nafasi sita. Siku hiyo ndiyo mzee alimwita Salem pembeni, akamwekea mkononi leso iliyofungwa. Ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vya dawa.

Alisema kwa sauti ya chini, kama anayekiri aibu ya ukoo. Nyumba ile nyaya zake zilipitishwa na babake, na hazijaguswa tangu hapo. Friji ikiwaka pamoja na mashine, fyuzi inakufa. Ndiyo maana siku zote alikuwa akiipa mashine saa mbili, friji ikipumzika, kisha anazima mashine na kuirudishia friji. Saa mbili friji huvumilia. Sasa amri imekuja ya siku kumi na nne, na friji ameizima. Chakula si neno, wanapika cha kutosha siku moja. Lakini dawa ya Kulsum inataka baridi. Je, mamake Salem angewahifadhia?

Salem alisimama pale na leso mkononi. Kumbe saa tano haikuwa ukaidi wa mzee. Alijua la kusema, na lilikuwa fupi: babu, zima mashine, barua ile ni mchezo wangu. Lakini nafasi sita. Na ile kofia, na lile "sabalkheri" ambalo Owais alikuwa ameshalihadithia kwa watu wanne. Akasema mamake ana friza kubwa, hakuna shida. Akashuka nazo.

Nyumbani kwa Salem hakukuwa na friji ya kawaida. Kulikuwa na friza tu, lililojaa vikombe vya barafu za ukwaju ambazo mamake, Afaf, alizigandisha na kuwauzia watoto wakitoka madrasa. Afaf alikifungua kifuniko, akavitazama vile vichupa, akasita. Alimuuliza mwanawe kama dawa hiyo haitadhurika humo, maana humu kila kitu kinakuwa jiwe.

"Mama, dawa ni baridi tu inayotaka," alisema Salem, kwa mamlaka yote ya kidato cha tatu. "Baridi haizidi."

Afaf, ambaye shule aliiacha darasa la sita na alimheshimu sana mtoto wake aliyesoma, akavipangia mahali pazuri katikati ya vikombe vya ukwaju.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Salem alikichukua kichupa kikiwa kigumu kama kokoto, akakifumbata viganjani akipanda ngazi za mzee Sherali polepole mpaka kikayeyuka, akampa Kulsumbai, akakirudisha. Aliona kama anafanya utumishi mkubwa. Akaanza hata kujipenda kidogo.

Siku ya sita alimkuta Kulsumbai peke yake, mzee yuko bafuni akinyoa. Alikuwa amekaa na jagi la maji mbele yake, na jagi lilikuwa nusu. Alikunywa glasi nzima bila kupumua, akajaza nyingine. Akasema joto la Aprili mwaka huu limekuja na kiu yake. Kisha akaichukua ile barua ukutani, ambapo mzee alikuwa ameitia ndani ya fremu iliyokuwa ya picha ya mwanawe, akainusa.

"Barua ya ulaya," alisema, "mbona inanuka maharage?"

Salem alitazama vidole vya miguu yake.

"Usinijibu. Sitaki jibu." Aliirudisha ukutani, akaisawazisha. "Tangu afunge kibanda chake cha saa, yule alikuwa hanyoi mpaka Ijumaa. Sasa ananyoa kila siku, ananiambia habari za protini, anaimba. Aliyeandika barua hii, yeyote yule, mwache amalize hizo siku kumi na nne. Halafu ndipo nitamvuta masikio."

Salem alishuka ngazi mwepesi kama aliyesamehewa. Amepewa ruhusa, tena na mwenye ugonjwa. Kwamba Kulsumbai alikuwa anatoa ruhusa bila kujua bei yake, na kwamba yeye Salem vilevile hakuijua, hilo halikumpitia kichwani.

Siku ya tisa wakawapita Kizingo. Owais alikuja mbio na habari, wakaandika kwenye ukurasa wa jedwali kwamba mafuta ya taa ya Mvita yanauzwa kwa bei nafuu kwa wahitaji. Mzee Sherali alipoelezwa alitoa sanduku la halua. Kulsumbai hakutoka chumbani kuila. Mzee alisema amechoka tu, anakwenda msalani sana, na miguu yake ina ganzi, lakini sindano hajaikosa hata siku moja. Alilisema hilo kwa fahari. Wakati wa kushuka Owais alisema labda sasa inatosha, wamwambie mzee. Salem akamjibu zimebaki siku tano, na amri ni amri. Owais hakucheka.

Siku ya kumi Kulsumbai alitapika chai. Alimpokea Salem kile kichupa, akamwita kwa jina la mwanawe wa ughaibuni, akamuuliza ndege imetua saa ngapi. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, kama embe lililopita siku. Mzee alitaka kumpeleka hospitali, yeye akasema kesho, leo hana nguvu za ngazi.

Kesho yake, saa nne asubuhi, hakuamka. Walimshusha kwa kiti cha mbao, Salem na Owais mbele, wachukuzi wawili nyuma. Ngazi za nyumba zile ni nyembamba, na kila kona walilazimika kukiinamisha kiti, na kila walipokiinamisha kichwa chake kiliangukia bega la Salem. Gari lilikuwa linangoja mwisho wa kichochoro. Juu, mashine ilikuwa inavuma.

Hospitalini daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Alisema sukari imepanda mpaka kipimo chenyewe kimeshindwa kuisoma, na damu imegeuka sumu. Akauliza anapata dawa? Kila siku, alisema mzee. Daktari akaomba kuiona. Afaf, aliyekuja na kichupa ndani ya mkoba, alikitoa. Kilikuwa bado kina umande. Daktari alikiinua kwenye mwanga, akakitikisa, akatazama vinyuzi vyeupe vikielea.

"Hii iliganda?"

Akauliza inawekwa wapi, na Afaf akasema, kwenye friza langu la barafu.

"Insulini ikishaganda imekufa, mama," alisema daktari. "Ukiiyeyusha haifufuki. Huyu amekuwa akijidunga maji."

Kulsumbai alifariki siku ya pili, baada ya adhuhuri. Alizikwa kabla ya magharibi.

Watu wa mtaani walifanya kama ilivyo desturi. Mabenchi yalitandazwa nje, wanaume wakakaa, wanawake wakajaa juu, na nyumba ya mfiwa isipikwe kitu, majirani wapeleke. Zamu ya kwanza alichukua Afaf. Lakini kabla ya kuwasha jiko alichomoa waya wa friza ukutani, akatoa vikombe vyote vya ukwaju, akavimwaga kimoja kimoja kwenye mfereji wa kichochoro. Watoto walisimama wakitazama barafu ya kahawia ikiyeyuka. Salem alimuuliza kwa nini. Akasema ameua mtu kwa friza lake, hataki tena kulisikia likilia. Alisema kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, Mungu alimtia wasiwasi moyoni, na yeye akaupuuza. Hakusema aliupuuza kwa sababu ya nani. Pengine alikuwa amesahau. Salem alikumbuka kila neno.

Na juu kule, katikati ya visomo, mashine ilivuma. Jamaa mmoja wa jamaatini, msikitini kwao, alimwomba mzee azime hicho kitu, ni aibu, watu wanasoma Kurani. Mzee Sherali, amenyoa, shati jeupe, alisema hapana, zimebaki siku mbili. Alisema Kulsum amefanya subira yake mpaka mwisho na yeye atafanya yake, wapo wagonjwa wengine wanangoja. Yule jamaa akainamisha kichwa, na wengine walilia waliposikia. Owais, aliyekuwa anagawa kahawa, aliweka birika chini, akaondoka, na hakurudi siku zote za matanga.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumapili. Mzee alimtuma mtu amwite Salem.

Fremu ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, na barua imelazwa juu ya kitambaa cheusi ambacho zamani mzee alilazia saa za watu. Kando yake palikuwa na karatasi mpya na kalamu. Mzee alisema anataka kumwandikia Profesa Odera. Anataka kumjulisha kwamba amri imetimizwa, siku kumi na nne, mashine haikuzimwa hata dakika moja. Na kwamba kama jibu la fumbo limepatikana, anaomba jina la Kulsum litajwe mahali, hata kwa herufi ndogo.

"Wewe utaandika, ndiwe kepteni," alisema. "Ila anwani haimo. Nadhani imo kwenye muhuri."

Akafungua droo, akatoa ile lenzi nyeusi ya fundi saa, akaibana kwenye jicho la kulia kama alivyoibana miaka arobaini. Salem alijua mwisho wake kabla lenzi haijafika kwenye muhuri. Jicho lile lilizoea kusoma namba zilizochongwa nyuma ya gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Muhuri uliozungushwa kwa mkono wa mtoto ulikuwa kwake kama bango la barabarani.

Mzee alisoma kimya. Kidole chake kilifuata duara, polepole, kikarudi mwanzo, kikafuata tena. Kisha akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, jina la shule ya Salem, na chini yake: stoo ya chakula, imekaguliwa.

Aliitoa lenzi jichoni. Ilikuwa imeacha alama ya duara kwenye ngozi.

"Salem," alisema. "Shule hii si ndiyo yako?"

Mlango ulikuwa wazi. Afaf alikuwa amefika kizingitini na sinia ya chakula cha mchana kichwani, amesimama, hajui kama aingie. Salem alimwona. Aliyafikiri mambo mengi kwa mara moja. Angeweza kusema muhuri umeibwa. Angeweza kusema ni Owais. Na alikuwa na neno moja la kweli kabisa, ambalo amelala nalo tangu siku ya hospitali: kwamba Kulsumbai aliinusa barua, akajua, akasema iachwe. Alilifikisha neno hilo mpaka kwenye ulimi. Lakini akaona litatua wapi: juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Akalimeza.

"Ni yangu, babu," alisema. "Barua niliiandika mimi. Profesa Odera ni mpishi."

Mzee aliiweka lenzi mezani.

"Nilitaka tuwapite wa Kizingo. Sikujua habari ya friji. Halafu uliponiambia nikajua, na nikanyamaza. Na mama aliniuliza kama dawa itaharibika, akasita, mimi ndiye niliyemwambia baridi haizidi."

"Na kazi ya mashine?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mteja anayeuliza kama saa itapona. "Hesabu za sukari. Nazo ni za uongo?"

Salem alitamani sana kuwa na jibu jingine. "Ni za kweli. Zimefika, zimepokewa. Lakini hakukuwa na fumbo la mwisho. Vipande ni vilevile, havina haraka. Zile saa mbili zako zilitosha."

Mzee Sherali alinyoosha mkono, akaigusa swichi, akaizima mashine. Kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa hata vijiko kwenye sinia ya Afaf vikasikika vikigongana. Akaikunja barua mara mbili, akaisukuma upande wa Salem wa meza. Kisha, bila kugeuka, akaelekeza kidevu mlangoni.

"Mamako amesimama mbali, maneno hayo hayakumfikia vizuri," alisema. "Siku tatu anajiita muuaji mbele ya watu. Mgeukie. Sema tena, tangu mwanzo, na useme polepole."

Salem akageuka. Afaf alikuwa bado ameishika ile sinia kwa mikono yote miwili. Akaanza na ile soksi ya kengele.